Barba Gourmelen na Mtakatifu Ivo wa Udongo

Barba Gourmelen alizaliwa mtaa wa Locmaria, mjini Kemper, tarehe 18 Mei 1889, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Ivo. Baba yake alifinyanga sanamu ndogo za watakatifu. Mama alifariki akimzaa Korantin, na Barba, mtoto wa miaka saba, ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni.

Alisoma kwa masista hadi miaka kumi na miwili, kisha akaingia karakana kupaka sanamu rangi. Rangi ile hunywewa na udongo papo hapo. Ukikosea, hakuna kufuta. Kwa hiyo alichonga ncha ya brashi kwa midomo kabla ya kila mstari, kama wapakaji wote. Siku moja padri aliinua sanamu ya Mtakatifu Ana aliyoipaka Barba.

"We binti, mbona mashavu mekundu hivi? Bibi yake Yesu kanywa?"

"Hajanywa, Padri. Katoka hija ya Auray kwa miguu."

Padri alicheka, akainunua.

Tarehe 10 Septemba 1912 aliolewa katika kanisa hili tulimo leo na Gwenole Tymen, mchochea tanuri. Mungu aliwajalia Annaig na Tudual.

Baba yao Barba na Korantin alipofariki mwaka 1930, aliacha kalibu, umbo la kufinyangia sanamu, ya Mtakatifu Ivo, yule hakimu asimamaye kati ya tajiri na maskini. Korantin alisema aliahidiwa yeye. Barba, aliyemuuguza mzee, hakuitoa. Tarehe 2 Februari 1931, nyumba imejaa ndugu, Korantin alimshusha Ivo wa udongo kutoka kabatini, akamtikisa mabega na kutamka maneno ambayo kwetu hayatamkwi kwa mzaha, kwani husemwa kwamba asiye na haki hufa:

"Haki ikiwa yake, nihukumu mimi. Ikiwa yangu, mhukumu yeye kabla mwaka haujaisha."

"Korantin! Yarudishe maneno hayo!" Gwenole alipiga kelele.

"Mwache," alisema Barba. "Macho ya huyo nimeyapaka mimi. Ananijua."

Mwezi wa Oktoba tumbo lilianza kumkata Barba, kisha mkono wa kulia ukalegea. Mtaa ukawa unanyamaza Korantin akipita. Mwuza mkate hakuitikia salamu yake. Siku ya Noeli alikuja akasimama mlangoni.

"Dada, nimeungama kwa padri. Nimeyafuta maneno yale."

"Ingia, unaniletea baridi. Mjinga wewe, tangu nilipokuwa nikikubeba mgongoni."

Daktari alikuwapo, akitazama ufizi wa Barba uliogeuka buluu.

"Mama, unaramba brashi?"

"Tangu utoto."

"Basi ni sumu ya madini ya risasi, yaliyo katika rangi zenu. Imekuwa mwilini miaka mingi, kabla ndugu yako hajafungua kinywa."

Barba aliagiza maneno hayo ya daktari yasomwe leo kwa sauti, mbele ya jeneza lake, na aliyesikia amwambie ambaye hakuja. "Ivo alikuwa wakili wa wanyonge," alisema. "Hakuwa mnyongaji."

Alifariki tarehe 21 Januari 1932, mwaka ukiwa haujatimia, akiwa amepokea sakramenti, mkono wake mikononi mwa Korantin.

Ameacha mume, Gwenole. Watoto, Annaig na Tudual. Na mdogo wake Korantin, ambaye kalibu sasa ni yake, na ambaye kwa agizo la marehemu atabeba jeneza upande wa kichwa. Wanahitajika wanaume watatu wa mtaa huu wa kubeba pamoja naye. Tunawaomba wasimame sasa.

Bwana ampe Barba amani kaburini, na Korantin amani njiani.