Mianda Stany na sanduku ya makuta ya Baroma

Bantu bote benye kuya ku kilio hii, mukae. Bengine balikuya kuzika Tata Mianda Stany. Bengine balikuya kuona kama mwizi wa makuta, ile pesa ya chuma ya mon père, padri wetu wa zamani, amekufa kweli. Bote musikilize.

Tata Mianda alizaliwa 14 août 1941 mu cité ya Musonoi, hapa Katanga. Baba yake alitoka Mwene-Ditu, kule Kasai. Kampani ndiyo ilimuleta ku kazi ya kuchimba mukuba, ndiyo shaba. Stany yeye hakuletwa na muntu. Kitovu yake ilizikwa hapa hapa, nyuma ya nyumba ya kampani.

Alisoma primaire ku bamapadri, 1948 mupaka 1954, kisha miaka ine ya ufundi. Mu janvier 1960 kampani ilimuandika ku labo. Kazi yake ilikuwa kusaga majiwe, kuyatia asidi, kupima mukuba yenye kuwa ndani. Jicho yake ilikuwa kali, na mukono yake haikutetemeka.

Juu ya ile jicho, mu 1966 mon père Firmin, padri wa paruasi, alimuita. Mon père alikuwa na sanduku ya makuta mia moya makumi ine na tatu ya Baroma ba zamani, yenye baba yake alichimbula mu shamba kule Ubelgiji. Alitaka muntu wa kumusaidia kujua kila moya ni ya mufalme gani, ya mwaka gani. Akamupatia ya kwanza, apeleke ku nyumba aiangalie. Stany aliipeleka ku labo, akaitia mu asidi sawa vile banafanyaka na mukuba, akairudisha inangaa sawa kijiko mupya.

Mon père alishika kichwa. "Stany! Umefanya nini?"

"Mon père, nilisafisha. Ilikuwa chafu."

"Ile uchafu ilikuwa na miaka elfu moya na mia saba! Na sura ya mufalme umeikula yote!"

Toka ile siku hakusafisha tena kitu. Alijifunza. Mbele, kuangalia kichwa: taji ya majani, ao taji yenye michongo sawa mishale ya jua. Kisha kusoma herufi zenye kuzunguka, juu bafalme bengine balikuwa banaandikisha mara ngapi balipewa uwezo. Ukihesabu ile namba, unapata mwaka yenyewe. Kisha kugeuza, kuangalia chini ya mustari: kule kuko herufi kidogo sana, jina ya muji kwenye ile pesa ilitengenezwa. Mwisho, kupima ku mizani ya labo. Yote aliandika mu kaye, daftari yake. Barafiki ba kazi balimuita Tata Kaisari. Wakati mushahara ilianza kukawia, balikuwa banamuchokoza: "Tata Kaisari, ule mufalme wako hawezi kutulipa hii mwezi?"

Tarehe 2 septembre 1972 alioa Mama Laurentine Bilonda wa Lubudi. Ku ndoa bantu balicheka, "Mukasai anabeba mutoto wa Katanga!" Ile siku ilikuwa kichekesho tu. Mungu alibapatia Rachelle, Gradi na Mado.

Kisha vita ya 1978, mon père Firmin alirudi kwabo na bugonjwa. Aliacha sanduku mu mikono ya Stany, akasema, "Maliza, kisha patia paruasi." Kila siku ya Mungu, kisha misa, Stany alikaa ku meza na loupe yake, kioo ya kukuza herufi. Mu 1992 ilibakia makuta ine tu.

Mu mars 1993 kampani ilikuwa imeshaanguka, na bantu balitafuta mwenye kuwekea kosa. Bavijana balipita mu ma-avenue, banapiga makelele, "Bilulu batoke!" Bilulu ni badudu. Balikuwa banaita bantu ba Kasai vile. Ku mulango ya Tata Mianda alikuya nani? Shemeji yake Kabongo, kaka ya Mama Laurentine.

"Shemeji, uko na saa mbili tu."

"Kabongo, mi nilizaliwa Musonoi."

"Sikukuulizia wewe. Baba yako alizaliwa wapi?"

Stany alibeba blanketi na kaye. Sanduku aliitia mu mikono ya Kabongo, mbele ya Mama Laurentine. "We hawatakufukuza. Peleka ku paruasi."

Balilala wiki tano ku gare, chini ya mvua. Mado alipata surua. Wakati train iliondoka, alikufa mu wagon, na balimuzika pembeni ya reli, kupita Lubudi. Alikuwa na miaka ine.

Wakati Tata Mianda alirudi huku mu 2004, hakuna mwenye kumusalimia ku paruasi. Sanduku haikufika. Kabongo alisema, "Alienda nayo." Mbele alikuwa anasomaka neno ya Mungu ku misa, sasa balimukatalia. Batoto ba avenue baliimba, "Mwizi wa mon père!" Kitu moya tu alitaka: baseme mbele ya bantu ya kwamba hakuiba.

Mu 2009 Tata Djafari, muchuuzi wa Musonoi, alimuletea makuta tisa, amuambie ni ya nini. Stany aliyapima, akafungula kaye. Yote tisa: uzito, herufi, mapengo, sawasawa na vile aliandika. Djafari alimuambia kweli: Kabongo alimuuzishia yote mu 1994 kwa mifuko mbili ya bunga. Zingine zilishauzishwa.

Stany alienda kwa shemeji yake.

"Njala ya ule mwaka, we haukuiona," Kabongo alisema.

"Bunga nimekusamehe. Sema tu ku paruasi."

"Acha mutoto wangu Huguette aolewe kwanza."

Huguette aliolewa. Kisha ilikuwa batizo. Kisha ilikuwa deuil, kilio ya jamaa. Tata Mianda alingojea miaka sita, juu alitaka ile neno itoke mu kinywa ya mwenyewe.

Vumbi ya labo ilikuwa imekula mapafu yake. Mu mai 2015 alianza kukohoa damu. Kabongo alikuya ku hôpital na mukate na sukari. Mama Laurentine alimuangalia. "Sukari umeleta. Ile neno umeacha wapi?" Kabongo alivaa kofia yake, akatoka. Tata Mianda alituacha 9 juin 2015, saa kumi ya alfajiri.

Makuta tisa na kaye biko pa meza, mbele ya maiti. Mwenye mashaka apite, apime. Mama Laurentine ndiye alisema hii maneno yote isomwe: "Kabongo ni ndugu yangu, lakini Stany alikuwa bwana yangu."

Ameacha bibi yake Laurentine, batoto Rachelle na Gradi, bajukuu saba, na shemeji yake Kabongo, mwenye eko mu mustari ya pili ya biti, kofia ku magoti.

Tata Kabongo, udongo haiyaanza kumwagwa.

Tata Mianda Stany alale na amani. Hakuiba.