Tunaomba Kubakishiwa Mama Vigezo

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mafunzo, uliye mgeni wetu rasmi, Mkuu wa chuo chetu, walimu wetu, waume, wake, wazazi na watoto mliokuja kutushangilia, mabibi na mabwana,

Karibu kwetu

Mgeni rasmi, shikamoo, na karibu sana. Ukumbi huu siku nyingine zote ni darasa letu. Meza tumezisukuma ukutani, na pazia la kijani lililo nyuma yako limefunika ubao, kwa sababu kuna maneno pale yaliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika na yamegoma kutoka. Ukilisogeza utasoma: UMEMUULIZA ATAKAYEKITUMIA? Ni mwandiko wa mwalimu wetu. Siku hiyo alikuwa na hasira, akachukua kalamu iliyokuwa karibu, na fundi rangi ameshindwa.

Sisi ni maafisa ununuzi na ugavi kutoka hospitali, shule, mamlaka za maji na halmashauri, tulioletwa na waajiri wetu kusomea usimamizi wa ununuzi wa umma. Kwa lugha ya nyumbani, sisi ndio wale ambao kiti cha ofisi kikivunjika tunalaumiwa, na kisipovunjika hakuna anayetukumbuka.

Hatutakuzungusha, mgeni rasmi. Mwalimu wetu huyo mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi huu, na barua kutoka ofisini kwako inasema hautaongezwa. Ndilo jambo lililotuleta mbele yako. Yeye mwenyewe alitukataza kabisa kulitaja. Alisema, “Kwenye risala ombeni kompyuta, mambo yangu niachieni.” Mwalimu, samahani, tumelitaja. Lakini kompyuta pia tutaomba, ili isije ikasemwa tumekukaidi lote.

Tulikotoka

Mafunzo haya yalianza naye. Ndiye yule pale mstari wa mbele, mwenye gauni la bluu na miwani iliyoning'inia kifuani, anayetutazama kama mtu anayetafuta kosa. Jina lake lipo kwenye ratiba lakini hakuna anayelitumia. Waliotutangulia walimwita Mama Vigezo kwa kujificha, sisi tunamwita mbele yake, naye anaitika.

Tulipofika wengi wetu tulijiona tumeiva. Tulikuwa tumeshika vyeo, tumekalia kamati za zabuni, tumevaa tai. Tulidhani tutapewa vitabu vya sheria, tukariri, tujibu, twende zetu. Vitabu tulipewa, na sheria tulizisoma mpaka macho yakauma. Lakini Mama Vigezo ana utaratibu wake ambao haumo kitabuni: hakuna kuandika vigezo vya kitu mpaka umekwenda ukakaa pale kitakapotumika, ukakifanya kile anachokifanya mtumiaji. Siyo kuchungulia mlangoni na kupiga picha. Kukaa.

Mwenzetu mmoja, tunayemwita Injinia kwa kupenda kwake vipimo, alikuwa na kazi ya kununua masufuria ya shule ya bweni. Akaleta karatasi safi: ujazo, unene, kipenyo, kila kitu. Mama Vigezo akaisoma, akaikunja.

“Umewahi kuipua sufuria la uji wa shule nzima?”

“Mwalimu, mimi ni afisa ununuzi.”

“Sikukuuliza cheo, baba. Nimekuuliza sufuria.”

Injinia akaenda jikoni, akafungwa aproni. Alirudi na plasta kwenye kifundo cha mkono na karatasi mpya yenye mishikio minne, ya kubebwa na watu wawili. Leo akifika shuleni pale wapishi wanamwekea ukoko, na kwa mpishi hiyo siyo heshima ndogo.

Tuliyoyapata

Mgeni rasmi, mafanikio ni mengi, na mengine ni ya kuchekesha. Dada yetu wa hospitali alikwenda kukaa na wazazi wa kliniki kabla ya kununua mabenchi. Akapewa mtoto ampakate asubuhi nzima, wala si wake. Akagundua kwamba mtu aliyepakata mtoto hana mkono wa kujishikilia, kwa hiyo benchi lisilo na egemeo ni mateso. Mabenchi ya zamani yote yalikuwa hayana, na kila mwaka tulinunua mengine yale yale kwa sababu ndiyo yaliyonunuliwa mwaka uliopita.

Yupo na kaka yetu wa mamlaka ya maji. Siku ya kufungua zabuni, mzabuni mmoja alifika jasho linamtoka, muda umeshapita kidogo tu. Alikuwa shemeji yake, kaka wa damu wa mke wake. Kaka yetu akamrudishia bahasha yake ikiwa imefungwa vile vile, akamwambia, “Shemeji, nyumbani karibu chakula, hapa umechelewa.” Tunaambiwa mke wake alimnunia, akawa anamwekea chai bila kusema neno. Shemeji wetu huyo yumo humu ukumbini leo na tunaona anacheka, kwa hiyo tunaamini yamekwisha.

Nguvu ya kufanya hivyo hatukuzaliwa nayo. Tulifundishwa na mama anayejua kukukemea mpaka utamani ardhi ipasuke, kisha wakati wa mapumziko anakumegea nusu ya mkate wake na kukuuliza mama yako anaendeleaje na presha. Tunampenda. Tunalisema hivyo hivyo, mbele za watu, bila kuzunguka mbuyu.

Yanayotukwaza

Kompyuta hazitoshi, tunakaa watu wanne kwenye moja, na mwenye kidole chepesi ndiye anayesoma. Paa linavuja upande wa dirisha. Hayo tumeyasema, Mwalimu, umesikia.

Kikwazo kingine ni kwamba tumeshindwa kumpa mwalimu wetu zawadi ya kumuaga. Tulipomgusia mara ya kwanza kwamba tumshonee gauni, alituambia, “Mitihani yenu sijaisahihisha. Mnataka niisahihishe nimevaa nguo yenu?” Tukanywea. Tukasubiri asahihishe, matokeo yakatoka, tukarudi tena kwa furaha na orodha ya vitu: saa ya ukutani, seti ya vikombe, kiti cha kupumzikia. Akaangalia orodha, akanyoosha kidole ubaoni. Umemuuliza atakayekitumia? Tukamuuliza. Akasema hahitaji kitu.

Jamani, sisi ni wanafunzi wake. Mtumiaji akisema hahitaji kitu, unakwenda kukaa anapokaa. Tukaunda kamati, tukaenda nyumbani kwake siku tuliyojua amekwenda sokoni.

Maombi yetu

Mgeni rasmi, kabla ya kuendelea kuna utaratibu. Mama Vigezo ametufundisha kwamba jambo likimhusu mtu, mtu huyo hutangaza maslahi yake na kutoka chumbani, ili wanaobaki waseme kwa uhuru. Mwalimu wetu, kwa heshima na mapenzi, tunaomba utupishe kidogo.

Ahsante, Mwalimu. Hapa kwenye karatasi tuliandika namna ya kumbembeleza kama angekataa. Hakukataa, kwa hiyo tunaruka mistari hiyo.

Sasa tunaweza kusema. Nyumbani kwake tulipokewa na mume wake, fundi cherehani mstaafu, mzee mcheshi. Alitukaribisha chai, tukamweleza kuwa sisi ni kamati ya zawadi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

“Zawadi? Wanangu, huyu siku ya harusi yetu nilimvisha pete, akaninong'oneza, ‘Umeulizia maduka mangapi?’ Mkamnunulie nini ninyi?”

Tukamuuliza anaonaje hali yake tangu barua ije. Akasema, “Hali? Juzi nimetumwa nyanya, nimeambiwa nirudi na bei za wauzaji watatu. Nimerudi na nyanya, nimeambiwa sijaandika sababu za kumchagua huyu. Mwacheni afundishe, wanangu. Nyumba hii mwanafunzi ni mmoja, nami nimezeeka.”

Tukacheka wote. Kisha akakiweka kikombe chini, na kicheko chake kikaisha. Akasema kwamba siku za mapumziko mkewe anaamka kwa saa za kazi vile vile, anavaa lile gauni la bluu, anakaa kwenye kiti cha mlangoni na pochi mapajani. Mzee akimuuliza anakwenda wapi, anajibu, “Siendi popote. Najizoesha.” Halafu akatuambia jambo ambalo sisi wote kwenye kamati lilitutoa machozi. Alisema, “Siyo kwamba wamemwachisha kazi. Kila mtu ataachishwa. Kinachomuuma ni kwamba hakuna aliyekuja kumuuliza.”

Mgeni rasmi, hatuji kukulaumu. Tunajua ofisi yako ina mipango, na tunajua masomo yatahamia kwenye video za kompyuta ili yawafikie watu wengi. Ni jambo jema. Wenzetu wa mbali nao wana haki ya kujifunza. Lakini video itakueleza sufuria, haiwezi kukutuma jikoni. Wala haiwezi kuikunja karatasi yako.

Mahitaji ya zawadi yetu basi tumeyajua. Anachohitaji ni darasa. Darasa haliuzwi dukani, na mwenye kulitoa ni mmoja tu, ofisi yako. Tumefundishwa kuogopa kununua kwa mzabuni mmoja bila ushindani, na kwamba ukilazimika lazima uandike sababu. Sababu yetu ni hii: tumetafuta kila mahali, hakuna mwingine anayeweza kutupa kitu hiki.

Vigezo vya ombi letu vinasomeka hivi. Mkataba wa mwaka mmoja zaidi, hatuombi wa milele, kwa maana hata yeye miguu inamsumbua. Ndani ya mwaka huo akae naye mwalimu kijana, amfuate kila anapokwenda, arithi ule utaratibu wa kukaa. Na hizo video zenu zirekodiwe humu darasani, yeye akiwa anafundisha, ili wa mbali nao wakemewe kidogo. Akishamaliza mwaka wake tutamuaga kwa nderemo, tutampeleka mpaka kwenye kile kiti cha mlangoni, na hakuna atakayenung'unika.

Mwisho

Mgeni rasmi, limebaki jambo moja. Tulipokuwa tukiandika risala hii tuligundua kwamba kama ni maslahi, sisi nasi tunayo. Tunampenda, ametufaulisha wengine na kuwafelisha wengine. Mkuu wa chuo alikuwa mwanafunzi wake. Mhasibu alikuwa mwanafunzi wake. Mlinzi wa geti binti yake amefundishwa humu na yeye. Tumepiga hesabu ya watu wote waliomo ukumbini, tukaona wewe peke yako hukuwahi kufundishwa naye wala huna ndugu aliyefundishwa naye, kwa hiyo wewe peke yako unafaa kuamua.

Basi usituone tumekosa adabu. Tukimaliza kusoma tutainuka, sisi wanafunzi wote, tutoke kwa utaratibu tukasimame naye kibarazani, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha na kwa sababu hatutaki asimame peke yake. Waalikwa wetu watabaki nawe, na soda zipo mezani.

Mungu akupe afya na busara, akulinde barabarani urudi salama kwa familia yako, na ofisi yako izidi kuneemeka. Ukishafikiri, utatukuta hapo nje. Jibu likiwa ndiyo, tutakubeba mabegani, tunakuonya mapema. Na jibu likiwa hapana, mgeni rasmi, tutalipokea. Ila tunakuomba, safari hii usimwandikie barua. Toka, msogelee, umwambie mwenyewe.

Ni sisi wanao na wadogo zako,
Wahitimu wa Usimamizi wa Ununuzi wa Umma,
Darasa la Mama Vigezo.