Hodi ya Mzee Khalfan

Baada ya miaka ishirini na sita katika kampuni yetu ya kusafirisha vitu vya makumbusho hapa Houston, Mzee Khalfan Sudi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti. Alianza kama mpakiaji, akawa dereva, na mwishowe msimamizi wa kreni. Amebeba vinyago, piano, hata mifupa ya nyangumi, na hajavunja kitu, ukiacha mlango wa gari la bosi, ambao mpaka leo anasema ulikuwa mbovu tangu zamani.

Wageni kazini humcheka siku ya kwanza. Mzee hashushi mzigo bila kupiga hodi, kana kwamba yuko mlangoni kwa watu kwao Tanga. Kila aliye karibu na mzigo lazima arudi nyuma, mikono kifuani, ndipo aitikie karibu. Hata Lenny, aliyezaliwa mtaa wa Gulfton hapa hapa Houston na Kiswahili chake ni cha kuombea chai tu, hiyo anaijua.

Mwaka jana tulipewa jiwe la kusafirisha. Wapikti, watu wa kale wa Skotlandi, walilichonga picha za samaki, kioo na kitana, wakalisimamisha shambani, na hapo likakaa zaidi ya miaka elfu moja likinyeshewa, kondoo wakijikuna kwalo. Lilikuja kwa mkopo, kwanza Dallas, kisha kwetu. Mzee ali-drive kutoka Dallas polepole mno, pikapu zote za Texas zikatupigia honi.

Ukumbini, jiwe likining'inia juu ya jukwaa lake, mimi Wacuka, ninayeandika haya, nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake nikipanga vibao vya kulikalisha. Wafadhili walishafika mlangoni. Msimamizi wa maonyesho alikuwa akipunga mkono, shusha, shusha. Mkanda mmoja wa kreni ukaanza kulia. Mzee akapiga hodi. Lenny akaitikia. Njoroge, mwenzetu mwingine, akaitikia. Mimi glavu yangu ilikuwa imebanwa kati ya vibao, na kwa hofu sauti ilikataa kutoka. Jiwe lilinificha, hakuna aliyeniona.

Msimamizi akapaza sauti kwamba jiwe litaanguka. Alikuwa na haki ya kuogopa, mkanda ulikuwa unateleza kweli. Mzee angeshusha, hakuna ambaye angemlaumu. Kidole kilikuwa kwenye kitufe, jasho likimtiririka, lakini hakubonyeza.

"Wacuka," alisema taratibu, "sijasikia karibu yako."

Jamani, sauti ile ilinizindua. Nikauchomoa mkono, glavu nikaiacha, nikarudi nyuma nikaitikia. Jiwe likashuka, likakaa sawa. Wafadhili wakaingia wakipiga makofi.

Maonyesho yalipokwisha tuliikuta glavu bapa kama chapati. Juzi tulipomuuliza Mzee anataka zawadi gani, aliomba hiyo. Ataipata Ijumaa, tumeitia kwenye fremu.

Asante, Mzee. Nenda Missouri City, hapo jirani tu, ukapumzike na wajukuu, uwasemeshe Kiswahili wakujibu Kiingereza. Tunakuombea afya njema na siku tele. Haya nimeyachapa kwa vidole vyote kumi. Siku utakayopiga hodi kwangu, hutangoja tena. Karibu.