Mwalimu Joseph Mdoe na Mihuri Iliyoondolewa Kitabuni

Mwalimu Joseph Mdoe aliandika kitabu cha watoto chenye mihuri ya kutenganisha kweli na hadithi. Adamu, mwenye steshenari aliyekitoa upya Korogwe mjini, aliiondoa mihuri hiyo bila kumwambia. Watu walipomgeukia Mwalimu, Adamu alinyamaza. Maneno haya ni ya mjane, Fausta, ambaye hakusoma. Yameandikwa na binti yao, Grasiana. Yanasomwa kwa woga, kwa sababu waliotutishia wapo hapa makaburini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mpale, wilayani Korogwe. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, akahitimu ualimu mwaka 1982. Alifundisha historia Handeni, kisha mwaka 1988 akahamishiwa Ngombezi.

Huko alimkuta Fausta akianika katani. Alipoleta posa, shangazi yake Fausta, Bi Fatu, alimwonya.

“Mwalimu, huyu hajui hata kuandika jina lake. Usije ukasema tulikuficha.”

“Shikamoo shangazi. Kuandika nitaandika mimi. Mimi nami sijui kuanika katani, na hamjanikataa kwa hilo.”

“Marahaba. Basi lete mbuzi, maneno tumeyasikia.”

Walifunga ndoa kanisani tarehe 3 Juni 1989.

Darasani watoto walikuwa wakisinzia kwenye historia, ndipo marehemu akaanza kutunga vitabu vidogo. Ndani yake mliwekwa jambo lililotokea, kisa alichokitunga mwenyewe, na kazi ya kufanya: kusokota kamba, kupika chakula cha wasafiri, kuchora njia. Ili mtoto asichanganyikiwe, alichonga mihuri miwili kwa soli ya kandambili. Penye jembe, jambo lilitokea kweli. Penye kipepeo, Mwalimu ametunga. Mihuri iligongwa na mkewe, kitabu kwa kitabu, jikoni. Mtoto mmoja aliwahi kumwuliza, “Mwalimu, mbona kipepeo anasimulia vizuri kuliko jembe?” Marehemu alicheka mpaka akakaa chini.

Alistaafu mwaka 2021, wakahamia kijiji hiki cha Handeni. Kitabu chake cha mwisho kilihusu misafara ya watumwa iliyopita huku. Humo alimtunga mtu mmoja, Kibuga, aliyewauza majirani zake, akamjengea nyumba kando ya kijito, chini ya jiwe kubwa. Mawe ya namna hiyo ni mengi, naye hakuwaza kwamba mzee Sufiani wa kijiji hiki anaishi mahali kama hapo. Kazi ya watoto ilikuwa kutafuta mahali panapofanana na kwa Kibuga na kupachora.

Mwaka jana shule zilipata vitabu alivyovitoa upya Adamu, visivyo na vipepeo. Watoto walitoka na penseli, wakachora nyumba ya mzee Sufiani, wakaandika chini yake: hapa ndipo watu waliuzwa. Michoro ikabandikwa ukutani shuleni. Mjukuu wake mzee, Yusra, alikuwa ameposwa. Wakwe wakavunja uchumba. Uchungu wao tunauelewa.

Vijana wa ukoo wa mzee walikuja kwetu na mapanga. “Umetuandika wauza watu. Tutaona utaandika nini ukiwa huna mikono.” Marehemu aliwaambia Kibuga hakuwahi kuishi. Wakafungua kitabu: “Tuonyeshe palipoandikwa hivyo.” Hapakuwa na kitu. Alipowaletea kitabu cha zamani chenye kipepeo, walisema mihuri hiyo mkewe ameigonga jana.

Akaenda kwa Adamu.

“Mzee wangu, vile vikatuni vilikula nafasi. Watu watasahau.”

“Basi njoo uwaambie wewe.”

“Nikisema, shule zote zitanirudishia mzigo.”

Tangu siku hiyo marehemu alishtuka kila pikipiki iliposimama nje. Mlango ulifungwa mchana. Presha ilipanda, na tarehe 2 Februari 2025 kiharusi kikampooza upande wa kulia, mkono wa kuandikia. Alifariki hospitalini tarehe 19. Maneno yake ya mwisho kwa mkewe yalikuwa, “Umefunga komeo?”

Ameacha mjane, binti yake Grasiana, na dada zake wawili walioko Mpale. Mungu ampe Mwalimu usingizi usio na hofu.

Adamu amekuja na shada la maua, amesimama nyuma pale. Hatudai shada. Anadaiwa kusogea mbele kabla kaburi halijafukiwa, amwambie mzee Sufiani na vijana wake, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba Kibuga ni wa kutungwa na kwamba mihuri aliiondoa yeye. Neno hilo lisiposemwa leo, Fausta na Grasiana hawana nyumba ya kurudi wakitoka hapa.