Kapteni Zunguka na Turubai Jekundu

Marehemu mpendwa wetu, ambaye marubani wenzake walimwita Kapteni Zunguka, alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Aprili 1967, saa mbili asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka la kutengenezea saa. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi saa na mkewe mshonaji. Baba yake aliiandika saa hiyo nyuma ya kalenda ya ukutani, na kalenda hiyo bado ipo nyumbani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, na sekondari kuanzia 1981 hadi 1984. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti ya mwisho: "Ana akili, ila ana haraka." Mama yake aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, akaikunja karatasi, akamwambia, "Hii haraka yako, baba, iangalie."

Mwaka 1986 aliajiriwa kujaza mafuta kwenye ndege katika uwanja mkubwa wa mjini. Alivuta mpira wa mafuta kwa miaka mitano huku macho yake yakiwa kwenye viti vya mbele. Aliingia chuo cha urubani Januari 1991, na tarehe 20 Februari 1995 alikabidhiwa leseni ya kubeba abiria. Shirika dogo lilimpa ndege ya viti sita na kumtuma kwenye viwanja vya changarawe huko pembezoni.

Viwanja hivyo havikuwa na mnara wala mtu wa kumwambia rubani atue au angoje. Kila rubani alitakiwa kuweka redio yake kwenye namba ya kiwanja anachokiendea, ataje kiwanja, ataje mahali alipo na anachokusudia kufanya, ili wengine wasikie na wapishane. Aliyekosea namba aliongea peke yake, na alipokosa wa kumjibu alidhani anga lote ni lake.

Jumanne, tarehe 14 Mei 1996, Marehemu aliruka saa nne na dakika tano asubuhi akiwa na abiria wanne: mwalimu mmoja, muuguzi, fundi wa pampu za maji, na mwanamke kijana aliyekaa dirishani upande wa kushoto. Safari ilikuwa ya dakika ishirini na mbili, naye alikuwa amechelewa dakika arobaini. Alipokaribia alijitangaza mara tatu. Hakuna aliyejibu. Akamwambia mwalimu aliyekaa pembeni yake, "Leo tuko peke yetu." Badala ya kuuzunguka uwanja kwanza na kuangalia, kama alivyofundishwa, alinyoosha moja kwa moja kwenda kutua.

Chini, kwenye kibanda cha mabati, alikuwepo mpima mizigo, dada wa miaka ishirini na mitano. Alikuwa na redio ndogo ya mkononi kwa ajili ya kuwaambia marubani upepo unakotoka na kama kuna mbuzi kwenye njia ya kurukia. Hakuwa na mamlaka ya kumwamrisha rubani yeyote. Asubuhi hiyo alikuwa amemsikia rubani mmoja tu, mzee aliyebeba vifurushi na barua, ambaye wote walimwita Mzee wa Barua, akitangaza kila kona kwa utaratibu hadi kona ya mwisho. Mpima mizigo akainua macho kumtazama. Akaona ndege mbili, moja juu ya mgongo wa nyingine, zikishuka pamoja.

Ndege ya Marehemu ilikuwa na mabawa chini ya tumbo, hivyo hakuweza kuona kilicho chini yake. Ya Mzee wa Barua ilikuwa na mabawa juu ya paa, hivyo hakuweza kuona kilicho juu yake. Kila mmoja alikuwa amefichwa na ndege yake mwenyewe.

"Mzee wa Barua, kuna ndege juu yako! Haisemi!"

"Juu wapi? Sioni kitu."

"Juu ya kichwa chako, baba! Shuka hivyo hivyo. Usipande, hata ukiona nini, usipande!"

Aliita na ile nyingine mara mbili, kimya. Ndipo alipolivuta turubai jekundu lililofunika mizigo, akakimbia pembeni mwa njia ya kurukia akilipeperusha juu ya kichwa. Kiatu kimoja kilibaki kibandani. Marehemu aliona kitu chekundu kikirukaruka, akadhani kuna mifugo, akasonya, akaongeza nguvu ya injini na kupanda. Alipokata kona kushoto na kutazama chini, aliona ndege nyingine ikikimbia kwenye changarawe palepale alipokuwa anakwenda kuweka magurudumu yake. Baadaye Mzee wa Barua alisema alisikia injini ambayo haikuwa yake. Alikadiria mita kumi.

Marehemu alitua saa nne na dakika thelathini na tano, akashuka akiwa amekasirika, kwa sababu hofu ilikuwa bado haijamfikia.

"We dada, una wazimu? Wako wapi ng'ombe?"

"Ng'ombe ni wewe. Huko juu ulikuwa unaongea na nani?"

"Nimetangaza mara tatu!"

"Umemtangazia nani? Hebu twende kwenye redio yako."

Redio ilikuwa bado kwenye namba ya kiwanja alichotoka. Marehemu aliisoma namba hiyo mara mbili. Kisha akarudi hadi kibandani, akakaa kwenye kitu cha kwanza alichokikuta, na kitu hicho kilikuwa mizani. Mpima mizigo akasoma mshale.

"Kilo sitini na nane," alisema. "Pamoja na aibu."

Mzee wa Barua alimvuta kando. "Yaishe hapahapa, mwanangu. Abiria wako wameshaondoka, hakuna anayejua. Ukiandika, leseni wanakuchukulia."

"Na nisipoandika?"

"Utaruka kesho kama kawaida."

"Hicho ndicho ninachokiogopa, mzee."

Siku hiyohiyo aliandika taarifa ya kurasa mbili dhidi yake mwenyewe. Alisimamishwa kazi kwa miezi minane. Ili asikae bure, aliomba kibarua cha kubeba mizigo kwenye kibanda kile kile, chini ya mpima mizigo yule yule, ambaye hakumhurumia hata siku moja. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Septemba 1998. Turubai lilitandikwa mlangoni, na bwana harusi alitakiwa kulizunguka mara moja kabla ya kuingia. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Aliporudi angani Januari 1997, alirudi mtu mwingine. Kabla ya kila kiwanja aliigusa redio kwa kidole na kuisoma namba kwa sauti. Alilitaja jina la kiwanja mwanzo na mwisho wa kila tangazo. Alizunguka juu akitafuta kwa macho hata kama redio ilikuwa kimya, na hasa ilipokuwa kimya. Mfanyabiashara mmoja alimuuliza, "Kapteni, tunatua au tunatalii?" Akajibu, "Tunatafuta wenzetu." Na kabla ya kuruka aliwaambia abiria wote, wakubwa kwa watoto: "Ukiona ndege nyingine, usidhani nimeiona. Nigonge begani."

Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomkosesha raha. Abiria wale wanne walishuka siku ile bila kuambiwa chochote. Aliona ni deni la maneno, akaanza kuwatafuta. Alimpata mwalimu mwaka 1999, muuguzi mwaka 2003, na fundi wa pampu mwaka 2011. Aliwaeleza kila kitu na kuwaomba radhi. Wa nne hakumpata. Mkewe alikuwa na orodha ya siku ile, iliyosema tu: "Mwanamke, kilo hamsini na mbili, dirisha la kushoto, anakwenda kwa kaka yake, duka la vitambaa."

Mwaka 2022 sauti yake ilianza kukwaruza. Tarehe 8 Novemba mwaka huo madaktari walithibitisha saratani ya koo, na Januari iliyofuata alifanyiwa upasuaji ulioondoa sauti yote. Tangu hapo aliongea kwa kalamu. Saratani iliporudi mwishoni mwa 2023, alimwandikia binti yake wa mwisho maneno matatu: "Bado mmoja. Harakisha." Binti alicheka huku akilia, kwa kuwa neno hilo baba yake hakuwahi kumwambia maishani.

Binti alipita duka moja la vitambaa baada ya jingine kwa wiki saba. Jumamosi, tarehe 17 Februari 2024, saa tisa alasiri, mama mmoja wa makamo aliingia wodini na kukaa kwenye kiti kando ya kitanda. Marehemu alimpa karatasi aliyokuwa ameiandika tayari. Mama huyo aliisoma hadi mwisho.

"Kapteni," alisema, "mimi niliiona."

Akaikunja ile karatasi.

"Nilikuwa dirishani. Niliiona ile ndege ikija upande wangu kabla haijaingia chini yetu, nikaona hadi namba zilizoandikwa kwenye bawa lake. Nikasema moyoni, rubani anajua, mimi ni nani nimwambie? Nikanyamaza. Miaka ishirini na saba nimekaa nalo. Nilikuwa nakukimbia wewe, wakati wewe unanitafuta."

Marehemu aliichukua kalamu, kisha akaiweka. Alinyoosha mkono uliokuwa umebaki mifupa, akamgonga begani mara mbili. Tangu siku hiyo, mkewe anasema, alilala usingizi mzima.

Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Mkewe alikuwa ameushika mkono wake.

Ameacha mama mzazi mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, kaka mmoja na dada watatu. Familia imeomba mama aliyekuwa dirishani akae nasi leo kwenye safu ya mbele, naye amekubali.

Mwenyezi Mungu ampokee mja wake. Amezunguka vya kutosha. Sasa ametua, apumzike kwa amani.