Utepe Mwekundu wa Chandarua

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu hamjambo. Mwenyekiti wa kikundi chetu ananijua. Kila akiuliza nani ana ushuhuda, mimi huinama nikajifanya natafuta kiatu. Leo amenikalisha mbele kusudi, basi niseme yaishe.

Wengi wenu mwafanya kazi mahotelini hapa Watamu, kwa hivyo mtanielewa upesi. Mimi ni mhudumu wa vyumba. Kampuni yetu ni kubwa, ina hoteli kadhaa hapa pwani, na wakubwa wenyewe wakaa Nairobi. Sasa, kila kitanda kina chandarua, na mgeni wa ng'ambo hakukizoea. Akitaka kushuka kitandani haoni pa kutokea, maana chote ni cheupe. Avuta huku, avuta kule, mara praa! Asubuhi twakuta tundu la kupita mbuzi. Na alaumiwaye ni nani? Ni sisi tuliotandika. Sindano nayo yaningoja mimi.

Nikaona dawa yake ni rahisi. Ukishona utepe wa rangi pale pa kutokea, hata mwenye usingizi atauona. Nikalisema jambo hilo kwenye kikao cha asubuhi. Meneja wetu akaniangalia, akasema, "Mama, wewe umeajiriwa kutandika. Kufikiri kuna wenyewe." Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, lakini rohoni niliungua.

Ndugu zangu, nawaambia kosa langu waziwazi, kwa sababu ushuhuda wa kujisifu tu hauna faida. Nina kichwa kigumu. Nilichukua leso yangu kuukuu, nikakata pindo lake jekundu, nikashona vyandarua vya vyumba vyangu vinne bila kumuuliza mtu. Wiki tatu zikapita, hakuna hata kimoja kilichoraruka. Nilitembea kifua mbele, hamngethubutu kunisalimia! Kisha meneja akapita kukagua. Kwetu, kitu cha kitandani ni lazima kiwe cheupe, ndiyo sheria. Siku hiyo hiyo msimamizi wetu wa vyumba, mama mmoja wa Kilamu asiyecheka ovyo, akaniletea barua. Nimesimamishwa kazi kwa kuharibu mali ya kampuni, ningojee nyumbani hadi wakubwa waamue.

Kuharibu! Mimi niliyeshona!

Nikarudi kwetu Vitengeni na watoto wangu watatu, na kazi ile ndiyo tegemeo letu sote. Tulipokuwa tukipalilia mahindi nilimwambia mama, "Wakinirudisha, sifikiri tena. Nitatandika, nitanyamaza." Mama akasimamisha jembe. "Mulungu amekupa kichwa, nawe wataka kiwe cha kubebea ndoo tu?" Nikaendelea kupalilia. Nilikuwa nimevunjika, jamani. Banda la kuku liliegemea upande mmoja, nami nikalipita kila siku nikilitazama tu, wala sikutafuta hata mti wa kulitegemeza. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuvunjika mkono wala mguu, nimevunjika ile hamu ya kutengeneza kitu.

Kumbe huko hotelini vyumba vyangu alipewa mwenzangu, naye akaamriwa abandue zile tepe. Wiki haikwisha, vyandarua viwili vikararuka. Msimamizi akaona. Angeweza kunyamaza, maana alikuwa amebakisha muda mfupi astaafu, na barua yangu ilikuwa na sahihi yake. Mkubwa kutoka Nairobi alipokuja kukagua, yule mama akaingia kwenye mkutano wa mameneja na vyandarua viwili mkononi, kimoja cheupe kitupu, na kingine chenye pindo la leso yangu, alilokuwa amelihifadhi akalishona tena. Hayo nilisimuliwa na dada aliyekuwa akiwapelekea chai.

Akawaomba waende chumbani wajaribu. Mkubwa akavua viatu, akaingia kwenye chandarua changu, akatoka bila taabu. Kisha meneja akaingia kwenye kile cheupe. Alitafuta pa kutokea mpaka tai ikanasa, wakamtoa watu wawili. Mkubwa alicheka hadi akakaa chini. Na meneja, Mungu ambariki, akacheka pia.

Lakini yule mama hakucheka. Akasema, "Barua ya yule mwenzetu niliiandika mimi. Niliambiwa niandike, na nilijua alilofanya lina maana, nikanyamaza. Kosa ni langu."

Nani kati yetu amewahi kusema maneno hayo mbele ya wakubwa wake? Mimi sijawahi.

Nikaitwa. Nilidhani naenda kufukuzwa, nikavaa nguo nzuri ili nifukuzwe kwa heshima. Mkubwa akasimama kunipokea, akanirudisha kazini, akaniuliza swali moja tu: "Una jambo jingine uliloliona?" Machozi yakatangulia maneno. Meneja naye akaja baadaye, akasema, "Mama, nisamehe." Sasa kila Jumatatu twakaa, mpishi, dobi na mtunza bustani, na yeye meneja ndiye mwandishi. Kila wazo lapata jibu. Hata likikataliwa, mtu huambiwa kwa nini. Likikubaliwa, lajaribiwa kwanza kwenye chumba kimoja. Nami nimejifunza kuomba ruhusa kabla ya kushika mkasi.

Nawashukuru nyinyi wa kikundi hiki mlionitembelea Vitengeni nikiwa sitaki kuonekana. Namshukuru mama yangu na ulimi wake. Na nyinyi mlio na watu chini yenu, mtu akiwajia na jambo, mwambieni, "Nionyeshe." Ni neno dogo, lakini lingeniokoa miezi ya huzuni.

Siku tulipomuaga yule msimamizi nilimuuliza, "Mama, siku ile hukuogopa?" Akanishika mkono. "Niliogopa, mwanangu, mikono yatetemeka. Ndiyo maana nilivibeba vyandarua vyote viwili, wasiione."