Ngoja Nimuulize Shangazi

Ndugu zangu wa kikundi chetu hapa Nyasho, mnanijua. Shule niliiacha njiani, lakini ukipita Butiama ukaona bati linang'aa, uliza limetoka kwa nani. Sijisifu, nasema kilichopo.

Zamani marehemu mke wangu alikuwaga anakaa dukani Musoma mbele ya kompyuta yetu ya kwanza, kioo cheusi, maandishi ya kijani. Aliipa jina Shangazi. Maduka yangu ya Bunda na Butiama yakipiga simu kuulizia mabati, anajibu, "Ngoja nimuulize Shangazi." Na Shangazi alijua mpaka mzigo wa pembeni. Watu wa Mugeta wakichagua mabati, tunawawekea mpaka siku ya mnada, wauze ng'ombe, waje wachukue. Mke wangu anaweka nyota kwenye jina la mtu, humo ndani ya Shangazi. Mzigo wenye nyota hauguswi.

Akafariki. Mimi nikataka mambo ya kisasa. Binti mmoja fundi wa programu akaunganisha Shangazi na mfumo mpya, mteja anaagiza kwa simu yake, mzigo unatoka. Nikatembea kifua mbele, mji mzima ukaniona!

Kumbe nyota hakuna aliyeikumbuka. Mfumo mpya ukasoma idadi tu, ukaona mabati yapo, ukauza. Siku ya mnada akaja mama mmoja wa Mugeta na trekta la kukodi.

"Baba, mabati yangu?"

"Mama, yamekwenda Butiama."

"Nimeshaezua nyasi. Mvua hiyo hapo. Mkeo angenifanyia hivi?"

Ndugu zangu, nawaambia, nimebeba saruji mgongoni tangu ujana, haijanilemea kama swali lile. Nikampa mabati niliyojiwekea ya nyumba yangu ya Bugwema. Lakini habari ilishafika, Mugeta wakaacha kuja.

Nikamwambia binti, "Zima! Turudi kwenye simu za zamani."

"Mzee, usinifukuze, wala Shangazi usimtupe. Nionyeshe marehemu mama alikuwaga anafanyaje."

Nikamwonyesha nyota, nikamsimulia na alivyokuwaga anajibu simu. Akajenga programu ya katikati, kama mkalimani wa Shangazi na mfumo mpya, oda haipiti mpaka nyota iulizwe kwanza. Mugeta wamerudi.

Namshukuru binti yule, na yule mama aliyenisema usoni. Nanyi mkileta kipya, kikalisheni kwanza na cha zamani, vizungumze.

Siku hizi ukiagiza, kabla ya jibu, simu inaandika: "Ngoja nimuulize Shangazi." Binti aliyaweka maneno hayo bila kuniambia. Wateja wanacheka. Mimi huwa naagiza misumari nisiyoihitaji, niyasome tena.